Friji la Kufunguliwa kwa Ndara



Msimu wa harusi umeingia, na maswali mnayotuletea ni yale yale matamu: mapazia ya rangi gani, seti ya vikombe ya watu wangapi, singo ifanywe na nani, friji la mlango mmoja au miwili. Tutayafikia yote inshaallah. Leo tunaomba tuzungumze juu ya kitu ambacho hatujakiona kwenye orodha ya vyombo vya bi harusi yeyote tuliyewahi kumsindikiza, wala hakipigwi picha. Nyaya za umeme za nyumba anayokwenda kukaa.

Sisi ni ndugu watatu wa kike, wa Unguja, na wa nne wetu, kitindamimba, ameolewa Kibaha. Kwa asiyepajua, Kibaha ni makao makuu ya mkoa wa Pwani, kilomita 40 hivi kutoka Dar kwa barabara ya Morogoro. Unashuka boti, unakwenda mpaka Mbezi, unaunga gari nyingine na unateremka Maili Moja. Wengi wanaofanya kazi Dar wamenunua viwanja huko, kwa sababu kiwanja cha mjini hakishikiki. Na nyumba zinajengwa kama wanavyojenga watu wa mshahara, kwa kudunduliza. Msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, bati Mungu akijaalia. Umeme huja mwishoni kabisa, mfuko ukiwa mtupu na tarehe ya nikaha imeshatangazwa. Fundi anajua kuwa bwana harusi ana haraka, na anajua pia kuwa akishapiga plasta hakuna atakayeona alichoweka.

Tulipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, tulikuta jozi ya ndara za mpira jikoni, mbele ya friji. Friji lenyewe tulimnunulia sisi. "Vaeni hizo kwanza, dada zangu," akatwambia, "friji linang'ata." Alisema kwa kicheko, kama mtu anayekuonya juu ya paka wake. Wifi zake wanajua, na mtoto wa jirani anayekuja kuomba barafu anajua na anavaa bila kuambiwa. Tukaanza kuulizana, na tukagundua kuwa ndara za friji zipo nyumba nyingi, Bara na visiwani. Zimekuwa kama sehemu ya vyombo.

Kulikuwa na jambo jingine la kuchekesha. Taa ya ukumbini ikizimwa usiku haizimiki sawasawa, inabaki ikimeremeta kwa mbali kama kimulimuli. Mama mmoja wa mtaani alishamshauri amsomee Yasini huyo aliyemo ndani. Kusoma Yasini ni kheri wakati wote, lakini taa ile haikuwa na mtu. Swichi ilikuwa imefungwa kwenye waya usio wake. Inatakiwa ikate waya wa moto. Iliwekwa kwenye waya wa kurudishia. Kwa hiyo hata ukizima, moto unabaki pale pale kwenye kishikio cha taa, na zile taa za LED zinazokula umeme kidogo zinaonyesha hivyo kwa kumeremeta. Anayepanda kiti kubadilisha taa akiamini amezima, anashika umeme mzima.

Mwezi wa nne wa ndoa yake ikaja habari ya shawa.

Ni ile ya umeme, inayochemsha maji yanapopita, kama mlizonazo wengi wenu. Tangu mwanzo breka yake ilikuwa ikikata kila akioga. Shemeji akamwita fundi yule yule, akaja, akabadilisha breka, na toka siku hiyo haikukata tena. Akalipwa na akashukuriwa. Alfajiri moja mdogo wetu alikuwa akioga kabla ya Sala, akanyoosha mkono kufunga bomba, na mkono ukaganda. Anasema alitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Kilichomuokoa ni kuwa miguu iliteleza, akaanguka, na uzito wake ukamtoa kwenye bomba. Mumewe alisikia kishindo. Wakampeleka Tumbi, wakamlaza siku ile wakiuangalia moyo wake, na alhamdulillah alitoka na kiwiko kilichovimba na alama ndogo nyeupe kiganjani. Sisi tulipata simu saa tatu asubuhi na boti ya saa sita tulikuwa ndani.

Breka haikukata. Hili ndilo lililotusumbua zaidi, mpaka tulipoelezwa. Breka ya kawaida haimlindi mtu, inalinda waya. Kazi yake ni kukata pale waya unapobebeshwa kuliko uwezo wake. Ile mpya ilikuwa ya ampia 40. Umeme unaoweza kuusimamisha moyo wa mtu ni mdogo mno. Kifaa kinachomlinda binadamu, kile wanachokiita RCCB, hukata kikiona milliampia 30 tu zinapotea njia. Fanyeni hesabu: breka ilikuwa ikisubiri zaidi ya mara elfu moja ya kiasi hicho. Ungeweza kufa chini yake na isijue.

Shemeji, Mungu ambariki, hakubisha wala hakutetea. Alitafuta fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, akamwomba aonyeshe leseni kabla ya kuonyesha bei. Huyu alikuja na binti aliyemaliza ufundi VETA, amejifunga mtandio wake vizuri, na huyo binti ndiye aliyepanda darini. Tunalitaja hili kwa sababu. Wengi wetu hatuzungumzi na mafundi. Nyumba hutiwa nyaya kabla mwanamke hajahamia, makubaliano ni ya wanaume wawili nje ya kiwanja, na hata fundi akija baadaye, mume akiwa kazini, hatuoni vizuri kukaa naye chumba kimoja tukimuuliza anafanya nini. Lakini anayeosha vyombo ni nani? Anayepiga pasi miguu chini, anayefungua friji na mikono ya unga, anayemuogesha mtoto? Uongo wa ndani ya ukuta unamngoja mtu ambaye hakuwepo ulipouzwa.

Siku mbili tulikaa nao wakifungua. Tutasema tulichokiona, maana kabla ya hapo sisi pia neno "ethi" tulilisikia tu.

Nje, karibu na mita ya LUKU, kulikuwa na kile chuma kinachozikwa ardhini. Kazi yake ni hii: friji, shawa au mashine ya kufulia ikivuja umeme kwenye mwili wake, umeme upate njia rahisi ya kwenda ardhini bila kupitia kwako. Fundi alikishika kwa mkono mmoja akakichomoa kama muhogo wa mchangani. Kilikuwa hakifiki urefu wa mkono. Akacheka kwa uchungu, akasema chuma kimoja kimekatwa vipande na kikauzwa nyumba zaidi ya moja. Mchanga wa Kibaha nao, ukikauka, ni mbaya kwa kazi hiyo hata ukizika chuma kizima. Unataka kishuke mpaka kwenye unyevu, na pengine kimoja hakitoshi. Hata hivyo chuma kile kilikuwa cha kuonyesha tu. Ndani, ule waya wa kijani na njano unaotakiwa kutoka kila soketi hadi kwenye chuma ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya soketi. Ukifungua soketi unauona, unaridhika. Upande wa pili haufiki popote.

Sasa mnaelewa ndara. Friji likivuja kidogo na halina ethi, linakaa na umeme mwilini mwake likisubiri njia, na mguu mtupu kwenye vigae ndiyo njia. Mpira wa ndara unaziba njia hiyo. Siku moja mtu anasahau kuvaa, au sakafu imelowa, au anayekuja ni mtoto anayetambaa.

Waya wa shawa ulikuwa ule mwembamba wa taa, wa 1.5. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Waya huo, ukiwa ndani ya bomba la ukutani, haufai kubebeshwa zaidi ya 15 hivi. Shawa ilitaka waya wa 6. Basi ile breka ya kwanza iliyokuwa ikikata haikuwa mbovu. Ilikuwa ndiyo kitu pekee chenye kusema kweli ndani ya nyumba ile, na ikang'olewa kwa kusema kweli. Walipouvuta waya ule kutoka ukutani plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, inavunjika vunjika kama kaimati iliyoungua. Kama hakingetokea kisa cha bafuni, tungekuwa tunaandika juu ya moto.

Na kipande kingine, cha soketi za jikoni, kilikuwa kinene kama inavyotakiwa, cha 2.5, lakini fundi alikikwangua kwa kisu na ndani pakatoka weupe. Alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini ya unene ule ule inapitisha umeme karibu asilimia 60 tu ya shaba, na kwenye maungio inalegea na kupata moto. Mnaponunua, kwangueni ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Na lipimeni bunda mkononi, maana la alumini ni jepesi mno. Sisi wa pwani na visiwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Maungio ya kusokota na kubandika tepu yanaoza kabla hujamaliza kulipa deni la harusi.

Tulijaribu kupiga hesabu fundi wa kwanza alijipatia nini kwa yote haya: tofauti ya bei ya nyaya, nusu ya chuma, na hicho kifaa cha RCCB ambacho alikilipisha na hakikuwemo ndani ya boksi. Haikufika thamani ya doti kumi za kanga.

Lakini kwa maoni yetu huyo si mbaya kuliko wote. Kuna mwingine ambaye mdogo wetu hajawahi kumuona mpaka leo. Bara, ukiomba kuunganishiwa umeme na TANESCO, unahitaji mkandarasi wa umeme mwenye leseni athibitishe kuwa nyaya za nyumba zimefungwa inavyotakiwa. Karatasi za nyumba ile zina jina lake, saini yake na mhuri wake. Mwenyewe hakuwahi kutia mguu Kibaha. Fundi aliupeleka mchoro, akalipia mhuri, akarudi. Watu wanaita hii "kununua mhuri", na wanaisema hadharani kama wanavyosema kununua mkate. Mitaani tunalo jina la mafundi wa kubahatisha, vishoka, na kila mtu anawalaani. Kishoka anaweza kuwa mjinga wa kazi, hajasoma, hajui madhara. Mwenye leseni anajua. Anajua hasa chuma kirefu kiasi gani kinatakiwa ardhini, na ameuza ushahidi kwa kitu ambacho hakukiona. Tunajifunza tangu madrasa uzito wa ushahidi wa uongo, halafu tukiuona umepigwa mhuri wa bluu tunauita utaratibu.

Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, na vidole vikakuta umaji. Kimo katika Sahihi Muslim. Mwenye mali akasema mvua ndiyo iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu watu wakaiona, na akaambiwa mwenye kughushi si mwenzao. Ukuta uliopigwa plasta na rangi ya maziwa ni rundo lile lile, kavu juu.

Wako watakaosema haya ni mambo ya kwetu, ya umaskini. Tarehe 14 Juni 2017, katikati ya Ramadhani, friji lilipata hitilafu ya umeme jikoni kwenye ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, London. Jengo lenye ghorofa 24 liliwaka mpaka juu na watu 72 wakafa, wakiwemo Waislamu wengi. Ilisimuliwa siku zile kuwa waliokuwa macho wakingoja daku ndio waliogonga milango ya majirani. Jikoni mwenyewe moto ungeweza kuishia pale pale. Uliopandisha ni mapambo ya ukuta wa nje, yaliyokuwa yakishika moto. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, ya Septemba 2024, ilisema wazi kuwa waliotengeneza na kuuza vifaa hivyo walifanya udanganyifu wa makusudi kuhusu majaribio ya usalama wake. Nchi tajiri, karatasi safi, mihuri yote ipo.

Mkato wenyewe si haramu, na tusije tukamtisha mwenye kipato kidogo. Vijijini, kupitia miradi ya REA, kuna kile kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari: kiboksi kimoja chenye soketi, breka na nafasi za taa, kwa nyumba ndogo isiyotiwa nyaya. Huo ni mkato, na ni mkato wa haki, kwa sababu hausemi kuwa ni kitu kingine. Bora bi harusi aingie nyumba yenye soketi tatu za kweli kuliko ishirini za kuchora. Friji, pasi na birika havihitaji kuwaka pamoja siku ya kwanza.

Sasa kwenye harusi zenu. Tunajua aibu ya upande wa mwanamke kuuliza. Tumeambiwa na shangazi zetu kuwa kuuliza nyaya ni kumdharau mume, kumwonyesha kuwa tunaitilia shaka nyumba yake. Lakini tunakwenda siku mbili kabla kutandika kitanda na kupanga vikombe, tunapima madirisha kwa mapazia, tunaangalia kama choo kinavuta maji, na hakuna anayeona vibaya. Siku hiyo hiyo mmoja wenu na afungue kile kiboksi cha breka. Tafuteni kifaa chenye kibonye kidogo kilichoandikwa T. Kibonyezeni: umeme wa nyumba ukate pale pale. Usipokata, au kibonye hakipo, kaka wa bi harusi amweleze shemeji yake kwa adabu, mwanamume kwa mwanamume, na mzee wa familia awepo. Kibonye hicho kibonyezwe tena kila mwezi. Sisi tunakibonyeza mwezi ukiandama, tusisahau. Soketi ikiwa ya moto kwa mkono, ikinukia plastiki, taa zikififia pasi ikiwashwa, hayo si mazoea ya nyumba. Na friji likimng'ata mtu hata mara moja, lichomolewe mpaka fundi aje. Msiweke ndara.

Taa za mapambo usiku wa hina nazo zimo humu humu. Nyaya za kurefusha zinazopita chini ya mikeka, watoto wakikanyaga, maji ya hina na ya kunawa yakimwagika, zote zimechomekwa soketi moja ya ukumbini. Mwambieni mpambaji azipitishe juu.

Shemeji alikwenda kumtafuta fundi wa kwanza. Alimkuta juu ya nyumba nyingine, mitaa miwili mbele, ya kijana mwingine anayeoa. Hakupigana naye. Alizungumza na yule kijana, akampeleka kwake, akamwonyesha ule waya wa kahawia. Kazi ya nyumba ile imesimamishwa. Juu ya mwenye mhuri, ameandika barua na kuipeleka EWURA, nakala tunayo.

Ukuta wa ukumbini sasa una mistari ya plasta mpya kutoka darini mpaka kila soketi, kama nyumba iliyoshonwa. Mdogo wetu hataki kuipaka rangi kwanza; anasema wageni wakiuliza anapata pa kuanzia. Imebaki taa ya nje ya kibarazani, ambayo bado inatumia waya wa zamani. Breka yake imezimwa na kubandikwa tepu nyekundu, na yule binti wa VETA amesema atarudi Jumamosi na bosi wake kuimaliza.